Kulipa Mzigo Ukifika: Nani Abebe Hasara ya Njia kati ya Bujumbura na Rumonge?

Mjadala kuhusu kulipa mzigo ukifika huendeshwa kana kwamba una pande mbili tu: mnunuzi anayetaka usalama na muuzaji anayetaka fedha zake mapema. Ukiuleta mjadala huo Rumonge, pande mbili hazitoshi. Kati ya anayeagiza na anayeuza kuna kilomita zipatazo 70 za barabara namba 3 inayoambaa Ziwa Tanganyika, kuna dereva na utingo wake, kuna wakala wa Lumicash, huduma ya fedha kwa simu, na juu yao wote kuna mwezi, unaoamua kama wiki hii wavuvi watakuwa na fedha au la. Makala haya yanadai kwamba kulipa mzigo ukifika ni zaidi ya njia ya malipo: ni mapatano ya kugawana hasara ya njia. Kwa jinsi mapatano hayo yanavyotumika leo katika mwambao wa Burundi, hasara inamwangukia asiyestahili. Sidai utaratibu huu ufutwe. Nadai ukatwe vipande viwili: nauli ya mzigo itangulie, bei ya bidhaa isubiri mpaka bidhaa ionekane.

Tuanze na soko lenyewe. Jumia, kampuni ya mauzo ya mtandaoni iliyoanzia Lagos mwaka 2012 na kufunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, haina ghala Bujumbura, sembuse Rumonge. Kwa mkazi wa Rumonge, kununua mtandaoni ni kuona picha kwenye statasi ya WhatsApp au ukurasa wa Facebook wa mfanyabiashara wa Bujumbura, kuuliza bei, kuomba apunguziwe, kisha kukubaliana mzigo upandishwe gari. Hakuna kikapu cha kubofya wala nambari ya oda. Soko Kuu la Bujumbura liliteketea tarehe 27 Januari 2013 na wafanyabiashara wake wakatawanyika. Anayeuza kwa simu siku hizi si lazima awe na kizimba ambacho mteja mwenye hasira angekiendea. Mnunuzi wa mbali hana mlango wa kugonga. Asiyelijua hilo hushangaa kwa nini watu wa mwambao wanang'ang'ania kulipa mwisho, na huishia kuwaita washamba wa teknolojia, jambo ambalo si kweli: haohao wanatuma na kupokea fedha kwa simu kila siku.

Chukua mfano wa taa. Ndagala huvuliwa usiku. Mitumbwi inayoitwa Apolo huwasha taa juu ya maji, mwanga unawavuta samaki, wavu unainuliwa. Tuseme mke wa mwenye mtumbwi ameona Bujumbura kuna taa za betri zinazochajiwa kwa sola, wameelewana bei na muuzaji. Muuzaji anafunga boksi kwa gundi ya karatasi, anaandika jina na nambari ya simu kwa kalamu nene, anamkabidhi utingo. Boksi linapita Kabezi, Gitaza, Magara, Minago, linashushwa stendi ya Rumonge. Mnunuzi anafika, anachana gundi kwa kucha, anawasha taa mchana kweupe akiifunika kwa kanga apate kuona nguvu ya mwanga, anachungulia tundu la chaja, anaitikisa asikie kama betri inacheza ndani. Akiridhika, ndipo fundo la kanga linapofunguliwa na noti zinatoka.

Dakika hizo chache za kukagua ndizo faida yote ya utaratibu huu. Nyingine zinazotajwa, kama vile kumwezesha asiye na akaunti ya benki, ni za kweli lakini ni nyepesi, kwa sababu simu imekwisha kupunguza uzito wake. Kukagua hakuna mbadala. Picha ya taa si taa, na bidhaa bandia hazitofautiani na halisi kwenye kioo cha simu. Anayelipa kabla ya kuona amekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na akikuta paka hana pa kulalamikia palipo karibu kuliko Bujumbura, nauli ya kwenda na kurudi juu yake.

Kisheria, tendo hilo la stendi lina utata unaostahili kuangaliwa. Sheria ya mikataba ya Burundi ina mzizi katika dekreti ya 30 Julai 1888 ya Dola Huru ya Kongo, iliyoletwa Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji. Inafuata mafundisho ya Kifaransa: mauzo yanakamilika pale pande mbili zinapokubaliana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijakabidhiwa wala bei haijalipwa. Kwa kipimo hicho, mama yule alikwisha kununua taa siku alipoandika "sawa, itume". Kuikataa stendi bila kasoro yoyote ni kuvunja mkataba.

Waislamu wa Rumonge, kama wenzao wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura na wa Ujiji upande wa Tanzania, kwa kawaida hufuata madhehebu ya Shafii, na huko hesabu ni nyingine. Katika Minhaj, kitabu cha fikihi ya Kishafii cha Imam Nawawi, kauli inayotangulizwa ni kwamba kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Njia ya kuagiza kitu kwa sifa zake ipo, nayo ni salam, lakini sharti lake ni bei itolewe yote katika kikao kilekile cha mkataba. Kulipa mzigo ukifika hakutimizi hili wala lile: kitu hakijaonekana na bei haijatolewa. Namna rahisi ya kuusawazisha utaratibu huu ni kuyachukua maongezi ya WhatsApp kuwa ahadi tu, na kuyahesabu mauzo yenyewe kuwa yamefanyika stendi, taa ilipowashwa na noti zikapokelewa. Hapo kila kitu kinanyooka, pamoja na hiari ya kila upande kughairi kabla hawajaachana.

Kwa hiyo mtu yuleyule, akiwa na boksi lilelile mkononi, mbele ya hakimu amekwisha kununua na mbele ya sheikh bado. Na kwa kuwa hakuna atakayefungua kesi kwa ajili ya taa moja, msimamo unaotawala stendi ni wa sheikh: hujanunua mpaka umeona. Hata wasio Waislamu wanaufuata bila kuujua. Naona huo ni msimamo wenye busara kwa mnunuzi. Kasoro yake ni kwamba hausemi lolote kuhusu safari ambayo mzigo umekwisha kusafiri.

Hapo ndipo gharama zinapojificha, na Rumonge ina zake ambazo vitabu vya biashara ya mtandao havizitaji.

Ya kwanza ni mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazina nguvu. Mwanga wa mwezi mpevu unatawanyika ziwa zima, ndagala hawakusanyiki, na mitumbwi hubaki ufukweni au hurudi na kidogo. Fedha za mji zinafuata mzunguko huo. Mama aliyeagiza taa katika siku za giza, mfuko ukiwa umejaa, anaweza kuipokea siku ambazo mtumbwi umelala mchangani. Hakudanganya alipoagiza, ila siku ya kulipa imemkuta mikono mitupu. Muuzaji wa Bujumbura, asiyehesabu mwezi, anaona mteja amemchezea.

Ya pili ni mafuta. Burundi imepitia miaka ya uhaba wa petroli na dizeli uliokuwa mkali sana mwaka 2024, foleni za magari zikilala vituoni. Mzigo ulioahidiwa kesho huenda ukafika wiki ijayo. Barabara nayo imekuwa na visa vyake: maji ya ziwa yaliyopanda katika miaka ya karibuni, maporomoko ya upande wa milimani, na ujenzi wa kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, kilichowekwa katika mradi mmoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kila siku inayoongezeka kati ya "itume" na "nimeipata" inaongeza uwezekano wa mteja kubadili nia, kupata taa nyingine sokoni, au kutumia fedha kwa karo ya mtoto.

Ya tatu ni faranga yenyewe. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani yake rasmi, na soko la pembeni la dola liliendelea kwenda kwa kasi yake. Muuzaji ananunua bidhaa zake kwa bei inayofuata dola ya mtaani, ila anamwahidi mteja wa Rumonge bei ya faranga leo, atakayoipokea siku mzigo utakapofika. Akilipwa mwishoni baada ya ucheleweshaji, amemkopesha mteja bila riba na bila kujua. Akikataliwa, mzigo unamrudia akiwa amepoteza nauli mara mbili.

Tusidhani hili ni la wafanyabiashara wadogo peke yao. Jumia ilipojiandaa kuingia soko la hisa la New York mwaka 2019, nyaraka zake zilionyesha kwamba mwaka 2018 oda zenye thamani ya asilimia 14.4 ya mauzo yote ghafi ama hazikufika kwa mteja au zilirudishwa. Kampuni yenye maghala na mtaji wa wawekezaji inaweza kuumeza mzigo huo kwa muda. Mama anayeuza taa kutoka sebuleni kwake hawezi, hivyo anafanya lililo ndani ya uwezo wake: anapandisha bei kwa wote. Wanunuzi waaminifu wa Rumonge wanawalipia wanaokataa. Hili halionekani kwenye stakabadhi yoyote, na ndiyo maana halilalamikiwi.

Kisha kuna anayebeba noti. Utingo anayekusanya malipo ya vifurushi vitano anarudi Bujumbura na fedha za watu watano mfukoni, na abiria wote wamemwona akihesabu. Machi 2017 huko Port Harcourt, Nigeria, mpelekaji mizigo aliuawa na watu walioagiza simu kwa makubaliano ya kulipa zikifika. Rumonge si Port Harcourt, wala sitaki kuwatia watu hofu, lakini mantiki ni moja: utaratibu huu unamfanya mtu wa kipato cha chini kabisa katika mnyororo awe sanduku la fedha linalotembea. Likipotea, ndiye wa kwanza kuulizwa.

Noti zenyewe nazo si salama kama zinavyodhaniwa. Juni 2023 Benki Kuu ilitangaza kuziondoa katika mzunguko noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, na kuwapa wananchi siku 10 tu kuzipeleka benki. Aliyekuwa amepokea malipo ya mizigo kwa noti hizo alilazimika kupanga foleni. India ilikuwa imepitia jambo la namna hiyo Novemba 2016 zilipofutwa noti za rupia 500 na 1,000: Amazon ikasitisha kwa muda kupokea oda mpya za kulipwa mzigo ukifika, Flipkart, ambayo ndiyo iliyoupa utaratibu huo umaarufu nchini humo tangu 2010, ikaziwekea kikomo. Anayesema noti mkononi haina hatari ana kumbukumbu fupi.

Jibu la haraka la wengi ni: basi walipe kwanza kwa simu. Jibu hilo linahamisha hasara yote kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, kisha linaita uhamisho huo maendeleo. Fedha zikishatumwa kwa Lumicash au EcoCash na mpokeaji akazitoa kwa wakala, kurudishwa kwa fedha hizo kunategemea utu wake. Wachina walikutana na ugumu huohuo katika Taobao, iliyoanza 2003, na wakautatua mwaka huohuo kwa Alipay: mnunuzi analipa, fedha zinakaa kwa mtu wa tatu, muuzaji anazipata mnunuzi akisharidhika. Mafanikio ya biashara ile hayakuletwa na simu wala kompyuta tu. Yaliletwa na mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote. Biashara ya statasi za WhatsApp haina mtu huyo. Mpaka awepo, kumwambia mama wa Rumonge atangulize bei nzima ni kumwomba aamini kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakiamini, maana angekuwa anaamini angemkopesha.

Tena malipo ya simu si ya bure. Kutuma kuna ada, kutoa kuna ada. Mwambao huu uliyajua hayo kabla ya simu. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji mwaka 1874 alikuta soko linatumia shanga ziitwazo sofi kama fedha. Watu wenye mikoba iliyojaa sofi walikaa sokoni, wakiwabadilishia wanunuzi soko likifunguka na kuzipokea tena kutoka kwa wauzaji soko likifungwa, wakipata faida huku na huku. Wakala wa leo amekaa palepale. Simlaumu, kazi yake ina thamani. Ila anayehesabu faida za kulipa kwa simu bila kuitoa ada yake anahesabu nusu.

Turudi basi kwenye pendekezo. Nauli ya mzigo ilipwe kabla gari halijaondoka Bujumbura, na ilipwe kwa msafirishaji, isipitie kwa muuzaji. Bei ya bidhaa ilipwe Rumonge baada ya kukaguliwa, ikiwezekana kwa simu moja kwa moja kwa muuzaji, utingo akishuhudia ujumbe umeingia kabla hajaliachia boksi.

Kwa nini msafirishaji? Kwa sababu muuzaji laghai angeweza kuishi kwa nauli pekee: anapokea faranga chache kutoka kwa watu mia na asitume kitu. Msafirishaji hawezi, kwa kuwa yuko stendi ya Rumonge kila siku ya Mungu na gari lake linajulikana kwa rangi na kwa mchubuko wa bampa. Mnunuzi akighairi, nauli imekwisha kulipwa na kazi imekwisha kufanyika. Muuzaji atakuwa amepoteza muda na nauli ya kurudisha tu. Na mnunuzi aliyetoa hata kiasi kidogo hujiuliza mara mbili kabla ya kuandika "itume", akiangalia na mwezi uko wapi.

Kuna pingamizi la kifikihi linalopaswa kujibiwa. Mashafii hawakubali arbuni, yaani fedha ya kutangulia ambayo muuzaji huibakiza mnunuzi akighairi; Mahanbali ndio walioiruhusu. Je, nauli inayotangulia si arbuni iliyovaa kanzu nyingine? Kwa maoni yangu sivyo, mradi msafirishaji ndiye anayeipokea. Huo ni ujira wa kazi, mkataba wa ijara kati ya mnunuzi na mwenye gari, na ujira wa kubeba unastahiki kwa kubeba, taa ipendeze isipendeze. Ikiingia mfukoni mwa muuzaji, pingamizi linarudi na nguvu zake zote. Kwa hiyo sharti la nani apokee nauli linazuia utapeli na pia linaisalimisha mizani ya sheria ya dini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu wenye kipato kidogo. Kwa kitu cha bei ndogo, nauli inaweza kuwa sehemu kubwa ya gharama, na kuitanguliza ni kikwazo. Nakubali. Vitu vidogo viagizwe kwa pamoja, majirani watatu boksi moja, kama inavyofanywa kwa magunia ya mchele. Na kama haiwezekani, huenda kitu hicho hakikustahili kusafiri kilomita 70 hapo mwanzo. Si kila kinachoonekana kwenye simu lazima kinunuliwe kupitia simu. Soko la Rumonge lipo.

Utaratibu huu unahitaji daftari, na hapa sina imani kubwa na ahadi za mdomo. Stakabadhi ya nakala mbili yenye jina la bidhaa, nauli iliyolipwa na saa ya kuondoka inatosha. Mashirika ya mabasi ya masafa marefu Afrika Mashariki hutoa karatasi za namna hiyo kwa mizigo kila siku. Sheria ya mfumo wa taifa wa malipo ya Mei 2018 inahusu fedha zinavyopita, haihusu boksi linavyopita, na sioni haja ya kungoja sheria nyingine. Vyama vya madereva vinaweza kuanza kesho.

Lakini kuna mizigo ambayo hata mpango huu hauifai, nayo ndiyo inayoiletea Rumonge riziki. Rumonge hununua taa, na huuza mawese, ndagala na samaki aitwaye mukeke. Mukeke ukiwekwa kwenye barafu na kupakiwa kwenda kwa mteja wa Bujumbura aliyeuona kwenye simu, haki ya kukagua kabla ya kulipa inageuka silaha. Mteja anafika stendi amechelewa, anafungua kasha, anakunja uso, anasema samaki wamelegea, anataja nusu ya bei. Barafu inayeyuka, utingo anataka kugeuza gari, na muuzaji yuko kilomita 70 kusini akisikiliza simu. Taa ikikataliwa inarudi taa, lakini mukeke ukikataliwa saa nane mchana haurudi kitu. Wanaoutetea utaratibu wa kulipa mwisho kwa kuwa ni wanunuzi wa taa hawana budi kuukataa kwa kuwa ni wauzaji wa samaki, na hakuna ukinzani hapo, kwani bidhaa inayoharibika na bidhaa inayodumu hazina hatari moja.

Kwa samaki, ukaguzi uhamie Rumonge. Mteja wa Bujumbura awe na mtu wake ufukweni, ndugu au mchuuzi anayelipwa kwa kilo, apime, ashike matamvua, apige picha ya mizani, na bei itumwe kwa simu kabla kasha halijafungwa. Kwa ndagala wakavu na mawese, vinavyostahimili safari, desturi ya taa inaweza kutumika, ila kwa mawese dumu lifungwe lakiri mbele ya utingo, kwa sababu ugomvi wa mawese stendini mara nyingi ni ugomvi wa maji yaliyoingizwa njiani, na hapo hata mkaguzi mwenye jicho kali hawezi kusema yaliingizwa na nani.